Ydnekatchew Tessema: Mfungaji wa Addis Ababa aliyeidai FIFA fungu la Afrika

Zilikuwa zimebaki dakika sita mpira umalizike. Ilikuwa Jumapili, Januari 21, 1962, mjini Addis Ababa, na Ethiopia ilikuwa nyuma kwa mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wapinzani wao, Misri, walikuwa wakicheza kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Kombe hilo lilikuwa limeshindaniwa mara mbili tu tangu lianzishwe, na mara zote mbili lilikwenda Cairo.

Dakika ya 84 nahodha wa Ethiopia, Luciano Vassalo, akasawazisha. Mpira ukaingia muda wa nyongeza. Mdogo wake, Italo, akafunga la tatu. Zikiwa zimesalia dakika tatu, Mengistu Worku akapachika la nne. Mfalme Haile Selassie, aliyekuwa jukwaani, akamkabidhi nahodha kombe, na jiji zima likaingia kwenye shangwe.

Orodha za mabingwa wa Afrika zinamtaja kocha wa kikosi hicho kuwa Ydnekatchew Tessema. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa ameichezea timu ya taifa, akaifundisha, na wakati huohuo alikuwa kiongozi wa soka nchini mwake. Miaka kumi baadaye angekuwa rais wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, na angekaa kwenye kiti hicho hadi kifo chake mwaka 1987.

Leo jina lake halisikiki sana kwenye foleni za malori ya Namanga, Malaba au Kasumbalesa, ingawa madereva na wafanyabiashara hao hao hukusanyika mbele ya runinga za mahoteli ya mpakani kila Kombe la Dunia linapofika, kushangilia Senegal, Morocco au Ghana. Njia ambayo timu hizo hupita kufika huko ilichongwa kwa mabishano ya miaka mingi, na mmoja wa waliobishana kwa muda mrefu kuliko wengi ni mtu huyu wa Ethiopia.

Mtoto wa mkuu wa wafanyabiashara

Ydnekatchew alizaliwa Septemba 11, 1921, siku ya Mwaka Mpya kwa kalenda ya Kiethiopia, katika mji wa Jimma kusini magharibi mwa nchi. Jimma ni mji wa kahawa, na kwa miaka mingi ulikuwa kituo cha misafara ya biashara iliyotoka na kuingia nyanda za juu.

Waethiopia hawana desturi ya jina la ukoo. Mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe, na jina la pili ni la baba yake. Kwa hiyo Tessema ni baba, na baba huyo naye alikuwa mtu maarufu. Tessema Eshete alikuwa mtunzi na mwimbaji. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa Ujerumani, aliimba nyimbo zake zikarekodiwa kwenye sahani za santuri, na anahesabiwa kuwa Mwethiopia wa kwanza kufanya hivyo. Watu walimwita kwa cheo cha Negadras. Katika Ethiopia ya zamani huo ulikuwa wadhifa wa mkuu wa wafanyabiashara, mtu aliyesimamia misafara, masoko na ushuru. Wanaovuka mipaka kwa mizigo watauelewa uzito wa cheo hicho bila kuelezwa zaidi.

Ydnekatchew alikuwa na umri wa miaka 14 majeshi ya Italia yalipoingia Addis Ababa, Mei 5, 1936. Miezi michache tu kabla ya hapo, vijana wa mji huo walikuwa wameanzisha klabu ya Saint George, ambayo hadi leo ni klabu kongwe na yenye mashabiki wengi nchini humo. Utawala wa Kifashisti ulileta sheria za kutenganisha watu kwa rangi, na michezo haikusalimika. Mwethiopia akawa mgeni katika mji wake mwenyewe, hata kwenye kiwanja cha mpira. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1941, Haile Selassie aliporejea kutoka uhamishoni.

Kijana aliyeonja maisha hayo kati ya miaka 14 na 19 hakuhitaji baadaye kufafanuliwa maana ya ubaguzi wa rangi. Tutaliona hilo mbele.

Miguu uwanjani, kalamu ofisini

Baada ya ukombozi Ydnekatchew aliichezea Saint George kama mshambuliaji, na hakuichezea klabu nyingine. Takwimu zinazotajwa mara nyingi kumhusu zinasema kuwa kati ya mwaka 1943 na 1958 alicheza mechi 365 na kufunga mabao 318.

Lakini kilichomtofautisha na wafungaji wengine ni kazi aliyoifanya akishavua viatu. Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa chombo cha kusimamia michezo nchini. Alizitafsiri kanuni za soka kwa Kiamhariki. Kazi hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo iliyowawezesha Waethiopia wa kawaida kuwa waamuzi, viongozi wa klabu na wachezaji wanaoweza kudai haki yao uwanjani. Kanuni iliyoandikwa kwa lugha ya wachache huwanufaisha wachache. Anayejaza fomu za forodha kwa lugha asiyoijua vizuri anafahamu hasara yake.

Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya ligi mjini Addis Ababa. Timu zilikuwa tano, na kila moja ilibeba jamii yake. Saint George ilikuwa ya Waethiopia. Fortitudo ilikuwa ya Waitaliano waliobaki baada ya vita. Ararat ilikuwa ya Waarmenia, Olympiakos ya Wagiriki, na ya tano ilikuwa ya wanajeshi wa Uingereza waliokuwa nchini humo.

Ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu utawala wa Mussolini uondolewe. Ingekuwa rahisi kuwafungia Waitaliano nje, kama wao walivyowafungia wenyeji. Badala yake waliingizwa kwenye ratiba ileile, wakachezeshwa kwa kanuni zilezile. Msimamo huo, wa uwanja mmoja na kanuni moja kwa wote, ndio Ydnekatchew aliokwenda nao kwenye kila kikao alichohudhuria kwa miaka 40 iliyofuata.

Timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1947 dhidi ya majirani wa Djibouti, wakati huo Somalia ya Kifaransa, na ikashinda 5-0. Ydnekatchew mwenyewe anatajwa kuwa aliichezea mara 15.

Khartoum, 1957

Februari 1957 wajumbe kutoka nchi nne walikutana Khartoum, Sudan, kuanzisha shirikisho la soka la bara. Nchi hizo zilikuwa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Ydnekatchew alikuwa mmoja wa wajumbe wa Ethiopia. Bara karibu lote lilikuwa bado chini ya wakoloni. Ghana ilikuwa inasubiri uhuru wake mwezi uliofuata, na Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa bado na miaka kadhaa ya kungoja.

Mashindano ya kwanza yalipangwa kufanyika papo hapo Khartoum. Ratiba ilikuwa rahisi: nchi nne, nusu fainali mbili, fainali moja. Ethiopia ilipangiwa Afrika Kusini.

Hapo ndipo shirikisho hilo changa lilipokutana na mtihani wake wa kwanza. Serikali ya makaburu ilikuwa tayari kuruhusu timu ya wazungu watupu, au timu ya weusi watupu, lakini si timu iliyochanganyika. Waafrika wenzake wakakataa. Afrika Kusini ikaondolewa, na Ethiopia ikapewa ushindi wa mezani hadi fainali.

Fainali yenyewe haikuwa na faraja kwa Waethiopia. Misri iliwafunga 4-0, na mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ad-Diba. Mwaka 1959 mjini Cairo mambo hayakuwa bora. Misri iliwafunga tena 4-0, na Sudan ikawafunga 1-0. Kufikia hapo Ethiopia ilikuwa imecheza mechi tatu za Kombe la Mataifa ya Afrika na haikuwa imefunga hata bao moja.

Hiyo ndiyo timu iliyoingia uwanjani Januari 1962 mbele ya mashabiki wake.

Kombe la nyumbani

Mashindano ya tatu yalikusanya timu nne Addis Ababa: wenyeji Ethiopia, Misri, Tunisia na Uganda. Kwa Afrika Mashariki yetu hilo lilikuwa tukio la pekee. Uganda ilikwenda huko ikiwa bado koloni la Uingereza, miezi tisa kabla ya bendera yake kupandishwa Oktoba 1962. Ilifungwa na Misri 2-1 katika nusu fainali, kisha na Tunisia 3-0 katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu, lakini ilikuwa imeingia kwenye historia ya kombe hilo.

Ethiopia iliifunga Tunisia 4-2 katika nusu fainali, na siku saba baadaye ikaifunga Misri kwa idadi hiyohiyo. Timu ambayo haikuwahi kuona nyavu ilifunga mabao manane katika mechi mbili.

Aliyenyanyua kombe anastahili kutajwa zaidi. Luciano Vassalo alizaliwa Asmara, Eritrea, mama yake akiwa Mweritrea na baba yake Mwitaliano aliyekuja na jeshi. Katika nchi iliyokuwa imetawaliwa kwa mabavu na Italia miaka 21 tu nyuma, jina la namna hiyo halikuwa jepesi kubeba. Hata hivyo kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwake, na mfalme aliyefukuzwa nchini na jeshi la Italia ndiye aliyempa kombe mtoto wa askari wa Italia. Kikosi hicho kilicheza kama ile ligi ya mwaka 1944 ilivyopangwa: swali lilikuwa nani anajua mpira.

Ethiopia haijawahi kulitwaa kombe hilo tena.

Nafasi moja kwa mabara matatu

Mwaka 1964 Ydnekatchew alikuwa makamu wa rais wa CAF. Mwaka huohuo ulizuka ugomvi mkubwa kuliko wote ambao soka ya Afrika ilikuwa imewahi kuwa nao na FIFA.

Kombe la Dunia la 1966, lililokuwa lifanyike Uingereza, lilikuwa na timu 16. FIFA iligawa nafasi hizo hivi: Ulaya 10, Amerika Kusini nne, Amerika ya Kaskazini na Kati pamoja na Karibiani moja. Iliyobaki, moja tu, iligombewe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Bingwa wa Afrika alitakiwa kwanza ashinde nyumbani, kisha akapambane na bingwa wa Asia, ndipo aone ndege ya kwenda London. Tangu Misri ilipocheza mwaka 1934, hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hizo.

Ohene Djan wa Ghana, akiungwa mkono na Rais Kwame Nkrumah, alikuwa mstari wa mbele kupinga. Ydnekatchew alikuwa naye bega kwa bega. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: bara zima lililipa ada, lilitii kanuni na lilikuwa na wanachama wengi, lakini kwenye mgao lilipewa theluthi ya nafasi moja. Kulikuwa na dukuduku jingine. Afrika Kusini, iliyokuwa imekataliwa na Waafrika, ilikuwa imepangwa na FIFA kwenye kundi la Asia ili iendelee kushiriki.

FIFA haikubadili mgao. Timu 15 za Afrika zikajitoa zote.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na nguvu ya uamuzi huo ilikuwa katika umoja wake. Nchi moja ikisusia ingesahaulika kufikia wiki inayofuata, lakini bara zima liliacha pengo lisilofichika. Hata hivyo gharama ilikuwa halisi, na waliyoilipa ni wachezaji. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963 na tena 1965. Kizazi kile cha Black Stars kilizeeka bila kuonja Kombe la Dunia. FIFA nayo ilizitoza faini nchi zilizojitoa.

Nafasi ile iliyogombewa na mabara matatu ilikwenda kwa Korea Kaskazini, ambayo iliishangaza dunia kwa kuifunga Italia. Na mfungaji bora wa mashindano, kwa mabao tisa, alikuwa Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Alizifunga akiwa na jezi ya Ureno, kwa sababu Msumbiji ilikuwa koloni. Afrika ilisusia mashindano, na bado mwana wa Afrika ndiye aliyeongoza kwa kufunga.

Kususia kulizaa matunda. Kwa mashindano ya Mexico mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ikawa ya kwanza kuitumia.

Kura za Frankfurt

Mwaka 1972 Ydnekatchew alichaguliwa kuwa rais wa CAF. Alirithi shirikisho lenye wanachama wengi na fedha kidogo. Silaha yake ilikuwa kura. Katika mkutano mkuu wa FIFA kila nchi mwanachama ina kura moja, iwe Ujerumani au Burundi, na uhuru wa nchi za Afrika ulikuwa umeongeza idadi ya kura hizo mwaka hadi mwaka.

Nafasi ya kuzitumia ilikuja Juni 1974, Frankfurt. Rais wa FIFA, Mwingereza Stanley Rous, alikuwa ameongoza tangu 1961. Waafrika hawakusahau kwamba mwaka 1963, baada ya ziara yake Afrika Kusini, adhabu ya nchi hiyo iliondolewa kwa muda, kabla ya mkutano mkuu wa Tokyo mwaka 1964 kuirudisha. Mpinzani wake, João Havelange wa Brazil, alizunguka Afrika akiahidi nafasi zaidi, misaada kwa vyama vichanga na msimamo thabiti kuhusu Afrika Kusini. Havelange alishinda katika raundi ya pili, akawa rais wa kwanza wa FIFA asiyetoka Ulaya. Bila kura za Afrika asingefika.

Ahadi zikaanza kulipwa. Julai 1976, mwezi mmoja baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto, mkutano mkuu wa FIFA mjini Montreal uliifukuza Afrika Kusini uanachama. Kombe la Dunia la 1982 lilipanuliwa hadi timu 24, na Afrika ikapata nafasi mbili.

Timu zilizokwenda zilionyesha kuwa madai hayakuwa ya huruma. Mwaka 1978 Tunisia iliifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa Afrika katika Kombe la Dunia. Mwaka 1982 Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, na Cameroon ikaondoka Hispania bila kupoteza mechi. Mwaka 1986 Morocco iliongoza kundi lake mbele ya Uingereza, Poland na Ureno.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Haile Selassie madarakani, na Ethiopia ikaingia kwenye miaka ya utawala wa kijeshi, vita na njaa. Wengi waliokuwa na nyadhifa wakati wa mfalme walipotea. Ydnekatchew alibaki kwenye kazi yake. Tangu 1971 alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, na aliishikilia nafasi hiyo hadi mwisho.

Wachezaji wa nje na mlango uliofungwa

Kuna upande wa Ydnekatchew ambao si rahisi kuusifu moja kwa moja, na wafanyabiashara wa mipakani huenda wakaukubali au kuukataa kuliko wasomaji wengine.

Aliamini mpira wa ridhaa. Hakupenda kuona vijana wa Afrika wakinunuliwa na klabu za Ulaya, akaona ni namna nyingine ya mali ghafi kutoka barani kwenda kunufaisha wengine. Hakupenda pia kuona vifua vya wachezaji wa Afrika vikigeuzwa mabango ya kutangaza pombe na sigara. Kuanzia 1965 hadi 1982 kanuni ya CAF iliruhusu kila timu ya taifa kuwa na wachezaji wawili tu wanaocheza nje ya nchi katika Kombe la Mataifa ya Afrika.

Lengo lilieleweka. Bila kizuizi, nchi zenye wachezaji wengi Ufaransa zingewaacha nyuma wanaojenga ligi zao nyumbani. Lakini kwa mchezaji mwenyewe kanuni hiyo ilikuwa na maana nyingine. Kijana aliyevuka bahari kutafuta riziki kwa kipaji chake aliadhibiwa kwa kuvuka. Mtu yuleyule aliyepigania mlango wa Kombe la Dunia ufunguliwe kwa Afrika alikuwa upande wa waliobana mlango wa nyumbani kwa Waafrika waliokwenda kutafuta.

Wakati uliamua. Kanuni ilifutwa, na leo vikosi vingi vya Afrika vimejaa wachezaji wa Ulaya. Hata hivyo hofu yake haikuwa ya bure. Ligi nyingi za ukanda huu bado huuza vipaji mapema na kwa bei ndogo, na viwanja vyake hujaa pale tu timu ya nje inapokuja.

Upande wa klabu alijenga zaidi ya alivyobana. Mwaka 1975, akiwa rais, CAF ilianzisha Kombe la Washindi, ambalo Wakenya hulikumbuka kwa jina la Kombe la Mandela. Mashindano ya klabu ndiyo yaliyowazoesha mashabiki wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kinshasa kuijua miji ya wenzao, na mabasi ya mashabiki yakapita barabara zilezile za malori.

Agosti na Desemba 1987

Katika miaka yake ya mwisho Ydnekatchew aliugua saratani, lakini aliendelea kuongoza. Alifariki Addis Ababa Agosti 19, 1987, akiwa na umri wa miaka 65. Ilikuwa wiki moja tu baada ya Michezo ya Afrika kufungwa jijini Nairobi. Miezi michache baadaye, mwaka 1988, kiti chake kilikwenda kwa Issa Hayatou wa Cameroon.

Desemba ya mwaka huo wa 1987 ukanda wetu ulipata mambo mawili ambayo yeye hakuyaona. Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunisia. Na Addis Ababa ilikuwa mwenyeji wa Kombe la CECAFA, mashindano ya mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Ethiopia ilifika fainali, ikatoka sare ya 1-1 na Zimbabwe, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Lilikuwa kombe la kwanza kubwa kwa taifa hilo tangu siku ile ya Luciano Vassalo na mfalme.

Lingine lilichukua muda zaidi. Afrika Kusini ilirejea kwenye soka ya kimataifa Julai 1992 kwa mechi dhidi ya Cameroon mjini Durban, ikiwa na timu moja ya raia wake wote. Mwaka 1996 iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika na kulitwaa. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu ilipoambiwa Khartoum kwamba haitacheza na Ethiopia mpaka ilete timu ya namna hiyo.

Ethiopia yenyewe iliporomoka. Baada ya 1982 ilikaa miaka 31 bila kuonekana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, hadi ilipofuzu mwaka 2013. Haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Nafasi ambazo Ydnekatchew alizipigania zimetumiwa na wengine, na zimeongezeka hadi tisa za moja kwa moja kwa mashindano ya 2026. Mwaka 1964 zilikuwa theluthi ya nafasi moja.